Moshi wa Pikapu ya Badria

Kuna watu wakimwona mwanamke amesimama kando ya gari, huanza kumtafuta mwenye gari. Badria aliwajua watu hao tangu Mombasa, na alidhani amewaacha huko huko. Kumbe walimtangulia Arlington, Texas, wakamkalia njiani.

Pikapu ilikuwa yake. Ya mwaka 1985, ya kabureta, rangi imechujuka mpaka huwezi kuitaja jina, na hakuna nati chini ya boneti ambayo Badria hakuwahi kuifungua kwa mkono wake. Baba yake alikuwa na gereji Majengo. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, basi spana akampa binti, na majirani wakasema wee mpaka wakachoka. Alipofika miaka kumi na sita, Badria alikuwa akitega sikio, akizungusha bisibisi kidogo tu, na injini iliyokuwa ikikohoa inatulia.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, na pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Nahla. Jumatatu hadi Ijumaa alibeba maboksi ya vyombo kutoka ghala moja la Mesquite kupeleka madukani. Mwaka huo wa 2004, stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele ilikuwa inaisha tarehe thelathini Juni. Bila stika mpya geti la ghala halifunguki, na stika haitoki mpaka gari lipimwe moshi. Magari mapya yalichomekwa waya, kompyuta ikasema lake, basi. La kizamani kama la Badria lilipandishwa juu ya roli za chuma, likakimbizwa pale pale lilipo, na mrija wa kupimia ukatiwa kwenye ekzosi.

Siku ya kwanza alifuatana na jirani yake Shem, kila mtu na gari lake, ili pikapu ikileta matata amrudishe nyumbani. Shem alikuwa muuguzi, mtu wa Kakamega, mpole, mwenye miwani. Kituoni walikuta foleni, na Badria akazima injini, kama alivyolelewa. Kwa baba yake, kuacha gari linanguruma bure huku limesimama ilikuwa dhambi ndogo. Mafuta hayaokotwi.

Mpimaji alikuja na karatasi zake, akampita Badria, akasimama mbele ya Shem.

"Gari lako lina maili ngapi?"

"Ni langu mimi," Badria akasema.

Mpimaji akamwinamishia kichwa kwa adabu kabisa, kisha akaendelea na Shem.

Pikapu ikashindwa. Moshi wake ulikuwa na petroli nyingi isiyoungua. Badria akaitwa dirishani kutia saini, na huku nyuma mpimaji akamchukua Shem, wakainama wote wawili kutazama chini ya gari. Mpimaji anaonyesha kwa kidole, Shem anaitikia, "Yeah, yeah," kama fundi na fundi mwenzake.

"Kasemaje?" Badria akamuuliza walipotoka.

"Aah, Mama Nahla, anasema tu ni gari ya kitambo, kupass ita-be ngumu. Afadhali uiuze."

Auze! Badria alichemka njia nzima. Wikendi hiyo aliifungua kabureta yote juu ya gazeti, akaosha kila kitundu, akatazama boya, akabadilisha plagi, akapunguza petroli mpaka injini ikawa inaunguruma kwa upole. Hakupata kosa, kwa sababu kosa halikuwamo. Na mtu anayejua kazi yake akitafuta kosa lisilokuwapo, huanza kujitilia shaka mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko maneno ya kuuza.

Jumatano, tarehe thelathini, alirudi peke yake. Marudio sharti yafanywe kituo kile kile kama hutaki kulipa upya. Akakaa foleni saa nzima kwenye jua, injini imezimwa. Pikapu ikashindwa tena, kwa petroli ile ile.

"Mwambie mumeo aitazame vizuri," mpimaji akamwambia, na kabla Badria hajafungua kinywa, ameshaita gari la nyuma.

Alhamisi asubuhi geti la Mesquite halikufunguka. Msimamizi wa ghala alitoka mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mzigo hauwezi kulala. Badria akija na stika kabla ya saa sita mchana, kazi ni yake. Ikipita saa sita, atampa mwingine, na mwingine huyo ataishika moja kwa moja.

Ilikuwa saa tatu na ushei. Badria aliikimbiza pikapu barabara kuu mpaka Arlington, na kwenye foleni hakuzima injini. Hakuwa na hesabu yoyote kichwani. Alikuwa na hasira tu, mguu juu ya pedali ya mafuta, akiona akizima atapoteza dakika. Zamu yake ilipofika saa tano na robo, pikapu ilipanda roli ikiwa ya moto, ikakimbia, ikapita. Ikapita kwa mbali.

Badria akaitazama ile karatasi. "Sijagusa kitu tangu jana. Imepita vipi?"

"Leo imekuja na moto," mpimaji akasema, akikwangua stika ya zamani. "Kile kichujio cha moshi kilicho chini ya gari kikipoa hakiunguzi petroli iliyobaki. Si nilimwambia mumeo siku ya kwanza? Msizime injini kwenye foleni."

"Mume gani?"

"Yule mwenye miwani."

Magari ya gereji ya baba yake hayakuwa na kichujio hicho, asingekifikiria. Badria alimtazama mpaka bwana yule akaacha kukwangua. "Mume wangu yuko kaburini mwaka wa sita," akasema. "Gari ulikuwa unaambiwa ni langu."

Alifika Mesquite saa sita na dakika kumi na tano. Lori jeupe lilikuwa limeshajaa, dereva wake anafunga mlango wa nyuma. Msimamizi akaiona stika mpya kiooni, akafungua mikono yake mitupu, akarudi ndani.

Jioni alimkuta Shem anatoka mlangoni kwake, amevaa sare, anakwenda kazini.

"Shem, yule mpimaji alikwambia nini siku ile?"

Shem akavua miwani, akaifuta. "Alisema vitu mingi, Mama Nahla. Sijui converter, sijui usizime nini. Mimi gari sijui, hata oil hubadilishiwa."

"Si ungemwambia hujui. Kuuliza si ujinga."

"Mwanaume mzima? Niliona haya."

"Na mimi nilipokuuliza?"

"Nika-summarize," Shem akasema, akiangalia chini.

"Nilikuwa hatua nne kutoka mlipoinama," Badria akasema. "Hukuhitaji kujua gari. Ungeninyooshea kidole tu, ukamwambia, muulize yule."

Shem aliomba radhi, na aliomba kwa moyo. Badria aliingia zake nyumbani kwake. Ijumaa asubuhi pikapu ilisimama nje na stika ya mwaka mzima kiooni, na haikuwa na pa kwenda.