Kitumbua Nilichompelekea Babu Shee

Nafuma vyakula vya uzi na kuvijaza sufi, watoto wavichezee. Kitumbua kimoja sikiuzi. Nimekifuma upande mmoja umeungua, kama alivyovipika mama kabla hajaenda Maskati. Mchana nakificha kwenye sahani, chini ya kawa.

Jana shangazi alinituma nimpelekee futari Babu Shee, jirani yetu. Nikabeba sahani bila kufunua kawa. Ilikuwa nyepesi, nikadhani shangazi kafanya mkono wa birika.

Adhana ilipolia, Babu akafunua kawa, akakiuma kitumbua, akavuta sufi mdomoni. Wazee waliokuwa wakifuturu naye wakacheka.

“Mjukuu wangu, kimeungua kama vya mama yako. Unakiuza?”

Nikainama. Shangazi alikuwa amefika mlangoni na sahani ya kweli.

“Hakiuzi, Babu,” akasema. “Hulala nacho.”