Tawi Bichi la Abti

Acheni niseme mwenyewe: simu niliipiga mimi.

Ugas wetu, yaani sultani wa ukoo, alipofariki bila mtoto, nyumba mbili zilikitaka kiti chake: ya baba yangu hapa Garissa, na ya abti, kaka yake mama, ambaye naye huniita abti, kule Tarbaj. Miaka yote walimshauri ugas pamoja, chai sinia moja. Ghafla hata salamu hakuna. Mama yuko katikati, anapika huku analia.

Kwetu ugas huvishwa majani mabichi kichwani, kila mzee wa nyumba akiweka tawi lake. Baba alijua abti akifika atakataa kuweka, na mambo yatakwama. Akaniita. "Mpigie abti yako, wewe anakuamini. Mwambie sherehe ni Ijumaa."

Nikampigia. Wallahi sikujua.

Jumanne asubuhi, siku tatu kabla ya Ijumaa hiyo, namwona kaka yangu, chaguo la baba, anafunikwa majani, wanawake wanapiga vigelegele. Ningeweza kupiga simu tena. Sikupiga. Nilimwogopa baba, na, haya, niseme yote, nilitaka kuitwa dada wa ugas.

Abti alikuja Ijumaa. Alishuka kwenye lori na ngamia wa maziwa, na mkononi tawi alilolifunga kitambaa kilicholowa maji lisinyauke njiani. Mungu wangu, alikuwa amekuja kukubali! Alikuwa amekuja kumaliza ugomvi kwa ajili ya dada yake. Akayatazama majani makavu uani, kisha akanitazama mimi, wala si baba.

"Abti, sauti ilikuwa yako," akasema. Akampandisha tena ngamia wake kwenye lori, akaenda zake. Hakukanyaga tena kwetu.

Mwaka huu mama alizidiwa. Kila mlango ukilia anauliza kama ni kaka yake. Baba hakuthubutu kupiga, wala kaka yangu ugas. Nikapiga mimi.

"Abti, njoo leo. Mama anakuulizia, hali ni mbaya."

"Leo?" Akacheka kidogo. "Safari hii mnamvisha nani?" Akakata. Nikapiga tena na tena, hakupokea.

Mama alikata roho kesho yake, alasiri, tukamzika kabla ya jua kuzama.

Abti alifika siku ya tatu, baada ya kusikia kwa watu. Alisimama pale pale uani, mzee mzima analia kama mtoto. "Mbona hukuniambia ni kweli?"

Nilimwambia, jamani. Nilimwambia ukweli, kwa sauti ile ile.