Wanamwombea Baba Afe, Ila Akiomba Mwenyewe Wanamziba Mdomo

Admin, nifichie jina na kijiji, maana huku milimani kwetu Lushoto watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeachika, nalima karoti na kabichi, na huu ni mwezi wa nane namuuguza baba yangu mzazi. Naandika nikiwa na kinyaa. Sio kinyaa cha kidonda chake, hicho nilishakizoea. Nina kinyaa na watu.

Baba yangu, ambaye namwita Tate kama tunavyowaita baba zetu kwa Kishambaa, ndiye aliyekuwa akiitwa kusoma Yasini kwa wagonjwa mahututi. Zaidi ya miaka thelathini. Mvua inyeshe, baridi la mwezi wa saba likate masikio, anavaa koti lake anakwenda. Sauti yake hata majirani zetu Walutheri walikuwa wakisimama njiani kuisikiliza. Saratani ikaja ikamshika kooni, palepale kwenye sauti.

Sasa hamezi hata mate. Walimtoboa tumbo wakamwekea mpira wa kupitishia uji, pale pakatunga usaha, mpira ukachomoka. Hospitali walituambia wazi kwamba kupona hakuna. Dawa ya maumivu anachomwa, ila kuna siku inamsaidia na kuna siku analala anang'ata shuka.

Siku tuliyompeleka kurudishiwa ule mpira, Tate alimwita daktari karibu, akamnong'oneza, "Mwanangu, hakuna sindano ya kunipumzisha moja kwa moja?" Yule daktari akainama. "Nisamehe mzee wangu, sheria hairuhusu. Nikikupa, nimeua. Ila mpira una haki ya kuukataa, ilimradi akili zako ziko sawa." Tate akasema, "Ziko sawa. Siutaki."

Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amesimama pale. Tulipofika nyumbani akanigeukia mimi. "Umempeleka kaka yangu akaombe sumu! Muuaji we!" Kesho yake ukoo mzima ulikuwa kwangu. Wamekuja na mchele na sukari kwa mtu asiyemeza. Ni msimu wa matunda, basi wanakaa kwenye benchi mlangoni kwake wanatafuna mapeasi, maji yanawachuruzika kidevuni, kisha wanaingia ndani wamejiziba pua na kanga kumwambia, "Jikaze mzee, Mungu anakupenda." Tangu aanze kuumwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumgeuza ubavu.

Walipoondoka nilikuwa namfuta Tate, akanishika mkono, akaninong'oneza. "Unajua nimeingia nyumba ngapi za wagonjwa? Kila nyumba, kabla sijavua viatu, kuna mtu ananivuta pembeni. 'Ustadhi, soma ile ya kumaliza, tumechoka.' Yaani niombe Mungu amchukue upesi. Sijaona hata siku moja wamemuuliza mgonjwa mwenyewe. Na mimi sikumuuliza. Hilo linaniuma kuliko koo."

Najua dini yangu inasema nini, na wachungaji nao wanasema hivyohivyo, kwa hiyo msihangaike kunitumia mawaidha. Mnasema uhai ni wa Mungu, tusimwingilie. Sawa. Mbona ule mpira tuliuweka sisi? Sisemi wazee wauawe wakitukera. Nasema mtu ambaye haponi, mwenye akili zake timamu, akiomba kwa mdomo wake, akaulizwa na kuulizwa tena na daktari zaidi ya mmoja, bila ndugu kumsukuma, sheria imsikilize. Anayeona sheria iliyopo inatosha aje akae hapa wiki moja, ashike beseni.

Sasa Baba mdogo kaamua. Ijumaa baada ya swala inakuja gari, Tate anarudishwa kuwekewa mpira, atake asitake. Kaniambia, "Sauti yake haisikiki, daktari atakuuliza wewe unayekaa naye. Utasema akili zimeruka, mimi nasaini. Sitaki watu waseme tumemwacha kaka afe njaa." Nikikataa, nihame kwenye shamba la ukoo na nisihesabike mtoto wa nyumba hii.

Jana wakamwita kijana mmoja aje amsomee Yasini. Nilikuwa uani nachagua mchele wa pilau lao. Nikamwona Baba mdogo anamvuta yule kijana pembeni, hatua mbili kutoka dirisha la Tate. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Ustadhi, soma ile ya kumaliza. Tumechoka."

Mtu huyuhuyu aliyeniita muuaji! Anataka kaka yake afe, ila asife kwa kutaka mwenyewe.

Nikaacha ungo nikakimbilia ndani. Tate alikuwa macho, na alikuwa amesikia kila kitu. Akatabasamu, mwanaume yule, na midomo imempasuka. "Leo ni zamu yangu," akasema. "Na mimi hawajaniuliza."

Keshokutwa ni Ijumaa. Daktari atanigeukia aniulize kama mzee ana akili zake. Nikisema anazo, sina ndugu wala pa kulima. Nikisema hana, nimemzika akiwa hai. Nishaurini, nijibu nini? Ila anayetaka kunishauri aanze kwa kumuuliza yeye kwanza. Simu nitamwekea sikioni. Bado anasikia.