Waridi Kwenye Kanzu ya Mzee Shomari

Aibu yangu ilianza jana, Jumamosi, saa nne asubuhi, Kariakoo, na naiandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza.

Dada yangu Zuhura alikuwa anaposwa jana hiyo hiyo mchana, na mimi, Tatu, nilikabidhiwa tangu mwezi uliopita foronya nyeupe za mito ya makochi nizidarizi maua (kazi ambayo mpaka jana nilikuwa nimeifanya kwa kuitazama tu). Nikatoka mbio kutafuta nyuzi, nyuzi hakuna, kila duka naambiwa rudi wiki ijayo, ndipo nikamkuta mchuuzi amepanga karatasi zenye mawaridi mekundu, rahisi kuliko hata nyuzi zenyewe.

"Unalaza juu, unasugua kwa kijiko, unabandua karatasi, ua linabaki. Kwenye glasi, kwenye mbao..."

"Na kwenye kitambaa?" nikauliza kwa sauti ndogo, maana mbele ya watu sauti hunikimbia.

"Dada, hata ukutani kwa mkweo!"

Basi nikasugua. Yakatoka mazuri, nikanogewa, nikabandika na kwenye sinia, kwenye chupa ya chai, mpaka mlango wa kabati. Mama akapita, akasema, "Kumbe ukitaka unaweza kudarizi!" nami (mjinga mimi) nikazipokea sifa.

Wageni wakaja. Mkubwa wao Mzee Shomari, baba mkubwa wa mchumba, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akakaribishwa kwenye kochi, akakaa juu ya mto wangu mmojawapo na joto lile la Dar bila kujisogeza, maneno ya posa yakaenda vizuri, mimi na Zuhura tuko nyuma ya pazia tumeshikana mikono. Kabla baba hajatoa jibu ikaadhiniwa alasiri, wanaume wakasimama waende msikitini, na pale Mzee Shomari alipotugeuzia mgongo tukaliona waridi, jekundu, zima na majani yake, katikati kabisa ya makalio.

"Tatu! Lile nini?" Zuhura akaninong'oneza.

Ningeita. Lakini mimi, nimwite mzee wa watu nimwambie habari za makalio yake? Wakatoka, wakavuka mtaa.

Baba ndiye aliyetusimulia baadaye: walipoinama kurukuu, mtu wa safu ya nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, sala yake ikavunjika, na wa pembeni yake naye. Mzee Shomari akarudi kajishika kanzu kwa nyuma, akagoma kukaa.

"Nimekuja kuposa, mmenipamba mimi!" Akaondoka bila kungoja jibu.

"Umeniulia ndoa yangu kwa kijiko!" Zuhura akalia mpaka kwikwi. Mama akaniuliza swali moja tu, "Hiyo sekondari mnasomeshwa nini?"

Leo asubuhi mama akatoa kipande cha sabuni, maana nayo imeadimika, alichokuwa amekificha tangu alipokipangia foleni dukani, akanituma kwa Mzee Shomari, peke yangu. Mkewe akanipa kanzu na beseni uani. Sasa hebu fikirini: ua ambalo foronya imeliachia kwa kukaliwa tu, kwenye kanzu limekataa sabuni, limekataa ndimu, limekataa mafuta ya taa! Nimesugua hadi vidole vimechubuka, ndipo mzee mwenyewe akasimama mbele yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee. Mimi peke yangu. Dada hakujua, mama hakujua, msimwache dada kwa ajili yangu." Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mzima.

Akalitazama waridi, mkewe akageukia ukutani mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Kamwambie baba yako jibu lake nalingoja," akasema. "Ila nikija, nitandikieni mkeka. Mkeka mtupu!"

Nikakimbia nyumbani na mikono inanuka mafuta ya taa, nikamwambia Zuhura, kisha nikachukua kijiko nikaanza kukwangua mlango wa kabati. Huko nako hayatoki. Sitaki kuona ua tena maishani mwangu, hata la kupanda.