Mstari Uliofuta Ng'ombe wa Shangazi

Shughuli nzima ilinigharimu beberu mmoja, soli za viatu, na siku tisa ambazo shangazi yangu hakunisemesha. Walionitoza beberu walianza kwa kutaja wawili; nikabishana hadi akabaki mmoja. Siku za shangazi hazikuwa na punguzo.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Unyambwa. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwenye simu kwanza, halafu kwenye kompyuta niliyoipata kwa kubadilishana. Kikundi cha wafugaji cha Mungaa kiliposikia, kikaniomba daftari la mifugo la kwenye kompyuta: ng'ombe gani yuko boma gani, amechanjwa lini. Nikakubali kabla hawajamaliza kusema, jambo ambalo si kawaida yangu.

Hifadhidata ni majedwali tu, mistari na safu, kama daftari la mahudhurio shuleni. Programu yangu haifikirii hivyo. Yenyewe inamjua ng'ombe mzima, mwenye mama, ndama na boma. Katikati kuna zana inayomchukua ng'ombe huku, inamkatakata kuwa mistari kule, na ukimhitaji inamuunga tena anasimama. Unaiambia mara moja nani ni wa nani, mengine inamaliza yenyewe. Nilipoisoma mara ya kwanza nikasema, huyu ni dalali. Na madalali nawajua, nimekuwa mmoja wao mnadani Issuna. Hakuna anayefanya kazi bure. Nikawa najiuliza huyu cha juu anakula wapi.

Shangazi yangu ni mjane, na ng'ombe wake watano hawalali kwake. Kwetu si ajabu. Asiye na wa kuchunga humpa rafiki amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, anachukua samadi, na baada ya mizao waliyokubaliana anapewa mtamba wake. Haiandikwi popote, inajulikana tu. Sasa mtunzaji wa shangazi alihamia Mkalama, akawaacha ng'ombe kwa shemeji yake palepale Mungaa. Mama mwenyekiti wa kikundi akanipigia: mtoe aliyehama. Nikamtoa, kidole kimoja. Orodha mpya ya chanjo ikachapishwa, ikagawiwa.

Shangazi alikuja kibandani na orodha ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nisomee."

Nikasoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu.

"Wangu wako wapi?"

"Hawamo."

"Nimetoka kwa yule shemeji. Ananiambia, mama, hata kompyuta haiwajui ng'ombe wako, hawa nimewakuta bomani. Kompyuta hiyo ni ya nani?"

"Yangu, shangazi."

"Basi nirudishie ng'ombe wangu."

Akaondoka bila kuaga. Ndiyo ikawa siku ya kwanza kati ya zile tisa.

Nikaiamuru ile zana inionyeshe kila neno inaloiambia hifadhidata. Kumbe ina maneno mengi! Ili kuchapisha orodha ya maboma arobaini, iliuliza mara moja majina ya maboma, kisha ikarudi kuuliza ng'ombe wa boma moja moja. Maswali arobaini na moja. Nilihesabu mara mbili. Ni kama mtu anayekwenda dukani mara arobaini kununua njiti moja moja ya kiberiti. Nilicheka peke yangu, nikasahau kidogo kwamba nina kesi.

Kisha kwenye nakala ya data nikarudia kumtoa yule mtunzaji. Mimi nilisema: mtoe mtu mmoja. Yenyewe ikasema: futa ng'ombe watano. Halafu: futa mtu. Kwa utulivu kabisa. Nikatafuta nani aliyeiruhusu, nikakuta mstari wangu mwenyewe ndani ya programu. Nilikuwa nimeunakili kutoka somo la kuandika programu ya duka, ambako oda ikifutwa, vitu vilivyomo vinafutwa nayo. Nikatoa oda nikaweka mwenye boma, nikatoa vitu nikaweka ng'ombe. Mtoto wa Mungaa, ninayejua tangu utotoni kwamba ng'ombe analala kwa huyu na ni wa yule, niliandika kwamba ng'ombe ni wa yule anakolala. Cha juu cha dalali nikakiona hapo: anakutaka useme mapema nani ni wa nani, na baada ya hapo haulizi tena.

Data za zamani nilikuwa nazo, nakala mbili. Lakini mpwa akimrudishia shangazi yake ng'ombe kwa kubonyeza, nani ataamini? Ikabidi nizunguke Mungaa kwa miguu kutafuta watu walioshuhudia ng'ombe wakikabidhiwa. Watatu wakaja kwenye mkutano wa kikundi, wakataja rangi na pembe za kila mmoja, bila kompyuta.

"Mimi sikusema si wake," shemeji akajitetea. "Nilisema kompyuta haiwajui."

"Na wewe unawajua?" mama mwenyekiti akamuuliza.

"Nawajua."

"Basi una akili kuliko kompyuta. Kaa chini."

Ng'ombe wakarudi orodhani, na aliyefuta, yaani mimi, akatozwa beberu. Tulimla wote, shemeji akala kuliko mimi.

Sasa kila ng'ombe ana safu mbili: mwenye mali na mtunzaji. Mtunzaji akiondoka, ng'ombe anabaki. Nilimwonyesha shangazi, akatazama jina lake, siku ya tisa ikaisha.

"Na mimi nikifa," akauliza, "itawafuta?"

Kwa sasa nimeiambia zana ikatae kumtoa yeyote mwenye ng'ombe, kwa hiyo katika kikundi chetu kufa hakuruhusiwi. Shangazi anasema hiyo si kazi, ni uvivu, na ana watoto wanne wasioelewana. Wewe uliyewahi kuishika zana hii, nishauri: kwenye mstari ule niandike nini?