Kiti cha Mgeni Rasmi

Jamani, hili jambo nimeliungama kwa padri mara mbili, na bado nikilisimulia uso unaniwaka kama nimeinamia jiko la kuni, maana aibu yenyewe hakunipa mtu, nilijipikia mwenyewe nikajipakulia.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mwenye nyumba mjini Moshi anatoa wapangaji ili vyumba vigeuke maduka ya mitumba, na Mama Neema, mjane wa jumuiya yetu, akapewa mwezi mmoja atoke Njoro na watoto wake wanne. Mwenyekiti wa kamati ya jumuiya ndiye mimi (nilisoma ngumbaru jioni, nikajua kuandika muhtasari wa kikao, basi nikajiona waziri). Nikaenda Rau kwa Mzee Aloisi, mke wake alishafariki na anaishi peke yake, nikamwomba kipande cha kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani, tumjengee mjane vyumba viwili. Mzee akasema, "Chukueni upande ule wa chini. Diwani akija nitatia sahihi mbele yake, watu wasije wakamsumbua huyo mama nikifa."

Msaragambo ukaitwa, wiki nzima wanaume wanachimba msingi, sisi wanawake tunasomba mawe na maji, na Mama Neema, Mungu amsaidie, akaenda kununua kufuli kabla hata ukuta haujaanza.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya diwani. Tunaamka, mvua imenyesha, tope hadi kwenye vifundo vya miguu, na mimi nina risala niliyoiandika kwa mkono wangu, kurasa tatu, nimeifanyia mazoezi mbele ya mbuzi. Nikawaza, mgeni rasmi nitamkalishaje kwenye tope? Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kimwinuko pembeni ya migomba, ila pana masale manne. (Kwa msiojua, masale ni yale majani marefu ambayo sisi Wachagga tunapandia mipaka, tunapandia na makaburi, na ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, hawezi kukunyima msamaha.) Nikasema, "Yang'oeni. Tutayarudishia kesho."

Fundi Eliya akasita na jembe mkononi. "Mama Flora, haya si ya mpaka. Mpaka uko kule."

"Kama si ya mpaka basi ni maua. Ng'oa, mgeni yuko njiani!"

"Si tungemwuliza mzee kwanza?"

"Mzee yuko misa. Utamtoa kwenye komunyo kwa ajili ya majani?"

Na mimi mzaliwa wa Rombo, nimekulia katikati ya masale! Mpaka huenda mstari. Yale yalikaa pembe nne, kama kitanda, tena kitanda kifupi. Macho yaliona, kichwa kilikuwa kwenye risala.

Tukaweka kiti cha sofa cha kuazima, kitambaa cha kufuma juu yake, diwani akaja, akakaa, akapewa soda. Nikaanza kusoma kwa sauti ya juu, makofi yanalia, nikafika pale nilipoandika "mzee wetu ametupa ardhi hii kwa moyo mweupe", makofi yakakatika. Nikadhani watu wameguswa. Nikageuka.

Mzee Aloisi amesimama, rozari mkononi, anatazama miguu ya diwani.

"Shikamoo mzee," diwani akasema.

"Marahaba. Naomba usimame, baba."

"Kuna nini tena, mzee wangu?"

"Umemkalia mwanangu."

Diwani aliruka, soda ikamwagika palepale, na mzee akapiga magoti akaanza kuifuta kwa kofia yake, anafuta udongo kama anafuta uso wa mtu. "Aliishi siku tisa," akasema. "Masale yale mama yake ndiye aliyeyapanda." Hakupaza sauti. Heri angenitukana. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani, "Mwenyekiti huyo! Kiherehere chote kile ili aonekane!" Mama Neema alikuwa ameshika kufuli yake. Diwani akaaga haraka, karatasi ya kugawa kiwanja ikabaki kwenye mkoba wangu bila sahihi.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee nimefunga, nimebeba jani moja la isale. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mwanangu, mbele ya Mungu sina neno. Lakini karatasi usinipe. Nikitazama pale nitakuwa naona kiti."

Ule msingi mpaka leo unajaa maji kila masika, vyura wanaimba humo. Mama Neema alirudi kwao Tarakea, amehifadhiwa na kaka yake, wanalala watano jikoni, na kufuli anafungia sanduku la nguo. Tukikutana ananisalimia vizuri, ananiambia, "Dada, usijitese, ni mapenzi ya Mungu." Naitikia amina, lakini si Mungu aliyesema yang'oeni.

Kamati sijaiacha, bado nazunguka kutafuta kiwanja cha yule mama, na sing'oi tena hata jani ambalo sikulipanda mimi. Na akija mgeni rasmi mwingine, awe nani awe nani, nitamkalisha kwenye tope, nikae naye hapo hapo, nimweleze kwa nini.