Kompyuta iliyokuwa ikipona kila ikifika kwangu

Jamani, leo Bwera imenivua cheo cha ufundi.

Mama Kahindo, Mkongo wa Butembo, anahariri video za harusi pale Bwera, mpakani na Kongo. Mara mbili ameniletea kompyuta yake ya mezani hapa Kasese, ameipakata kwenye taksi kama mtoto mchanga.

"Fundi, iko naonyesha michirizi tu!"

Nailaza mezani, nafungua, nawasha. Picha safi kabisa!

Nikamwambia, kwa sauti ya daktari, kwamba kadi ya picha ni nzima, tatizo ni umeme wa kwake.

Leo kanipigia kwa hasira. Kuna bibi harusi anasubiri video yake kesho. Nikapanda boda hadi kwake.

Kweli, michirizi.
Nikabadilisha waya. Michirizi.
Nikaazima skrini ya jirani. Michirizi.
Jasho!

Nikailaza kompyuta niifungue. Picha ikarudi.
Nikaisimamisha. Michirizi.

Mama Kahindo akanitazama kwa huruma.

"Fundi, kule kwako unailalishaka. Huku kwangu inasimama. Haukuona?"

Sikuona, jamani. Kadi ni nzito, na kompyuta ikisimama kadi inaning'inia mpaka inalegea kwenye tundu lake. Nimeitegemeza kwa kipande cha mbao, imetulia. Video inaendelea.

Nikiwa bado nafunga skrubu, nikamsikia anamwita jirani:

"Kuya uone fundi ya Kasese, niko namufundisha kazi!"

Mafundi wenzangu, nani mwingine amewahi kuzidiwa na mteja? Semeni hapa, msiniache peke yangu.